Herufi za Jina Lenu
Maneno kwa vikundi vinavyouza asali, mafuta ya nazi, korosho na vikapu

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia kutoka upande wa Kilifi na Malindi. Vikundi kadhaa viliomba yachapwe, nasi tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Tumepewa saa moja tuseme juu ya herufi. Tunajua wengine wenu mlipoiona ratiba mliguna. Mlisema, sisi tumekuja kutafuta soko, hawa wanataka kuturudisha kwenye A, E, I, O, U. Hebu tuvumilieni kidogo. Jambo lenyewe ni la pesa, na ni la pesa zenu.

Mnajua jinsi asali ya pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke inavyouzwa na wengi wetu. Mtu anakuja na pikipiki na mitungi ya plastiki ya lita ishirini. Anapima, analipa, anaondoka. Baada ya wiki mbili asali ile ile iko mjini ndani ya chupa ndogo za kupendeza, imebandikwa karatasi yenye jina, na bei ya chupa moja ukiilinganisha na ile ya mtungi utashika kichwa. Nani amekosea? Mwenye pikipiki hakuiba kitu, mlikubaliana bei. Alichofanya ni kuweka jina lake mahali ambapo nyinyi hamkuweka lenu. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa majirani waliokwisha kukionja. Kwa mgeni aliyesimama dukani mbele ya chupa kumi zinazofanana, kizuri hakijiuzi. Anaisoma lebo.

Sasa vikundi vingi vimeamka, vinataka lebo zao wenyewe na mabango yao. Hilo tunalipongeza sana. Lakini katika mwaka mmoja tumeletewa lebo nyingi tuzitazame, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Zimeandikwa kwa herufi zile zilizokwaruzwa, zenye nyufa, kama zimechongwa kwa panga kwenye gogo au zimeungua motoni. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba kijana wa kompyuta alisema hizi ndizo za asili, wageni wanazipenda.

Tuseme ukweli, kijana huyo hakudanganya. Kwetu sisi neno “kishamba” ni tusi dogo. Ukimwambia mtu nguo yake ni ya kishamba amenuna. Lakini kwa mtu wa Nairobi, au kwa Mwitaliano mwenye nyumba Malindi, ushamba ni kitu anachokitafuta na kukilipia. Anataka kuamini kwamba asali hii imetoka kwenye mzinga wa gogo, imekamuliwa kwa mikono, haikupita kiwandani. Herufi yenye makovu inamwambia hivyo hata kabla hajasoma neno lenyewe. Na kwa kuwa jambo hilo kwenu ni la kweli, hakuna ubaya kulisema.

Ubaya unakuja pale herufi inaposema “shamba” kwa sauti kubwa hadi jina lenu halisikiki.

Chukueni mfano. Tuseme kikundi cha akina mama kinauza mafuta ya nazi, na jina walilochagua ni KADZO. Jina zuri, fupi, la kwetu. Likiandikwa kwa herufi za magogo, ile D inapoteza pembe zake, nyufa zinaila ubavuni, inafanana na O. Mnunuzi anasoma nini? KAOZO. Sasa nani atanunua mafuta yanayosomeka kama yameoza? (Naam, chekeni, lakini nendeni mkazitazame D zenu.) Si D peke yake. C na G zinachanganyika, U na V vilevile, na herufi ndogo a huwa kama o mara tu tumbo lake likijaa wino.

Na wino utajaa. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa za vikundi zinapotelea. Kwenye kioo cha kompyuta jina linaonekana kubwa kama sahani, na kila ufa unaupenda. Lebo yenyewe mnayokata ina upana wa vidole vinne. Jina likishapunguzwa hadi hapo, nyufa zilizokuwa nyembamba kama uzi zinakuwa nyembamba kama si kitu. Mashine ya kupigia chapa ya bei nafuu haiwezi kuziacha wazi. Inazijaza, au inaziacha nusunusu, na jina linatoka kama limepigwa na ukungu. Halafu wengi wenu mnachapa lebo moja nzuri kisha mnaitoa fotokopi ili kuokoa pesa. Fotokopi ya fotokopi ya herufi yenye nyufa, jamani! Pia kumbukeni hewa yetu ya pwani. Wino wa mashine nyingi ndogo za ofisini unayeyuka ukiguswa na maji, na chupa ya asali haikosi kunata, wala chupa ya mafuta haikosi kuvuja. Herufi nene iliyo safi ikichafuka bado inasomeka. Herufi iliyozaliwa chafu ikichafuka tena imekwisha.

Tungependa mjue herufi hizi zilikotoka, ili mtu asiwaambie ni za asili yenu.

Katika karne ya 19 huko Ulaya na Marekani watu walianza kupiga chapa matangazo makubwa ya kubandika ukutani. Herufi za risasi zilikuwa nzito na ghali kwa ukubwa ule, kwa hiyo zikatengenezwa za mbao. Mwaka wa 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuzikata kwa mashine, na zikaenea kila mji. Mbao inachakaa. Ikipigwa chapa mara elfu, kingo zinakatika, rangi haishiki sawasawa, na tangazo linatoka na madoa. Mafundi wa siku zile waliona hiyo ni kasoro. Leo kompyuta inauza kasoro ile ile kama pambo.

Kuna nyingine inaitwa Papyrus. Mnaifahamu hata kama hamjui jina lake, iko kwenye kadi za harusi, kwenye saluni, kwenye vipeperushi vya makanisa mengi. Iliandikwa kwa mkono na Mmarekani Chris Costello mwaka wa 1982, akijaribu kuwaza maandishi ya Kiingereza yangekuwaje kama yangeandikwa kwenye mafunjo miaka elfu mbili iliyopita. Kazi nzuri ya kijana. Lakini ilipowekwa ndani ya kompyuta karibu zote, ikawa ya kila mtu. Mwaka wa 2009 filamu kubwa ya Avatar ilijiandikia jina kwa herufi zinazofanana na hizo, na watu wakacheka hadi leo. Herufi ambayo iko kwenye saluni, kwenye hoteli na kwenye kadi ya harusi haiwezi kumwambia mtu kwamba asali hii ni yenu.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Mmeiona kwenye magari ya watalii na kwenye milango ya mahoteli: herufi kubwa tupu, nene, zenye pembe kama zimekatwa kwa shoka. Watu wanaziita herufi za Kiafrika. Jina lake ni Neuland. Zilikatwa na Mjerumani Rudolf Koch, zikatoka mwaka wa 1923 katika kiwanda cha herufi cha Klingspor, mji wa Offenbach. Koch alikuwa mtu wa dini, aliyependa kuandika maneno ya Biblia kwa mkono wake, na alizikata herufi hizo moja kwa moja kwenye chuma bila kuzichora kwanza. Ndiyo maana zina ule ukali. Afrika haikuhusika hata kidogo. Ni wafanyabiashara wa baadaye, wa nchi za mbali, walioona herufi nene isiyonyooka wakafikiri, hii inafaa kwa vitu vya porini. Ikatumika kwa Afrika, ikatumika hata kwa filamu ya Jurassic Park ya 1993, ya mijusi wakubwa wa kale. Basi kijana anapowaambia “hii ni ya Kiafrika, akina mama”, mwulizeni imezaliwa kijiji gani.

Hatusemi msiitumie kabisa. Ni nene, inasomeka kuliko nyingi. Tunachosema ni kwamba msiichague kwa kudhani ni yenu.

Je, sisi wa pwani tuna herufi zetu? Tunazo, na tumezizoea hadi hatuzioni.

Tazameni kanga. Mama anaponunua doti moja huko Malindi sokoni, kabla ya kutazama hata maua, anaupindua ukingo atafute maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Nyumba ile ya Kaderdina Hajee Essak ilianza biashara Mombasa mwaka wa 1887. Vizazi vya akina mama wameyatazama maneno yale ili wajue kanga waliyoishika imetoka wapi. Hiyo ndiyo chapa ya biashara, ndugu zangu, kabla hatujasikia neno hilo kwenye semina. Wala hawakuweka nyufa. Ni maneno mafupi, mahali pale pale siku zote.

Halafu yatazameni maneno yenyewe ya kanga, lile jina lake. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi, nayo karibu daima ni herufi kubwa, wazi, zisizo na madoido. Kwa nini? Kwa sababu ujumbe lazima ufike. Mtu amenunua kanga ili jirani wa ng'ambo ya uchochoro aisome akiwa kizingitini kwake. Kama jirani hakuweza kusoma, pesa imepotea! Maua na pindo vinafanya kazi ya urembo, herufi zinafanya kazi ya kusema. Mpangilio huo unaweza kuingia kwenye lebo ya asali bila kubadilishwa hata kidogo. Pindo lenu lisukwe kama ukili, au liwe na korosho, liwe na majani ya mkoko. Katikati jina lisomeke.

Tazameni tena majina kwenye ubavu wa mashua, na kuta za maduka yaliyoandikwa na mafundi wetu wa rangi. Fundi mzuri wa brashi ana mkono wake. Ukipita barabarani unajua hili ni la fulani na lile ni la mwanafunzi wake. Ana kivuli chake cha herufi, ana mkia wake wa R. Herufi ya fundi wa namna hiyo haipo kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Mkimlipa akuandikieni jina lenu mara moja, kwa rangi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kubwa, mkaipiga picha safi, mna herufi ambayo hakuna kikundi kingine duniani kinayo. Gharama yake mara nyingi haizidi ya kijana wa kompyuta. Tunashangaa vikundi vinampita fundi huyo kila siku vikienda kutafuta “asili” kwenye mashine.

Na kwa wale wasio na umeme wala pesa ya lebo, kuna herufi za magunia. Wazee hapa wanakumbuka magunia ya korosho na ya mbata yalivyoandikwa: bati lililotobolewa herufi, likalazwa juu ya gunia, likapakwa rangi. Hiyo ndiyo herufi ya kishamba ya kweli ya pwani hii, ina vumbi la bohari ndani yake. Mnaweza kuifanya nyumbani. Chukueni karatasi ngumu, au afadhali zaidi ile plastiki ya picha ya eksirei ya zamani, maana haitoti. Andikeni jina, mkate kwa wembe. Kumbukeni kwamba A, B, D, O, P na R zina tundu ndani, na mkikata tu, lile tundu litaanguka na mtabaki na doa. Lazima muache vijiti viwili vya kushika katikati, kama daraja. Vijiti vile ndivyo vinavyoipa herufi sura ya gunia. Pakeni rangi kwa sponji iliyokaushwa karibu yote, kwa kugonga, si kwa kupaka, la sivyo rangi itapenya chini. Kwa vikapu na mifuko ya nguo, hakuna kitu kizuri zaidi. Tumeona mfuko mweupe wa korosho ulioandikwa hivyo ukaulizwa bei kabla ya ile yenye lebo ya rangi nne.

Sasa swali la akina baba wa bango. Kikundi kinataka kibao kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kiandikwe kwa herufi za magogo. Fanyeni hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde tatu aone, asome, aamue kupunguza mwendo. Hizo ni mita 66. Mafundi wa mabango wana kipimo chao: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita mbili na nusu ili isomeke vizuri. Kwa mita 66 hiyo ni zaidi ya nusu mita! Nusu ya hapo bado inasomeka na mwenye macho mazuri, ikiwa herufi ni nene na safi. Chini ya shibiri moja, msijisumbue. Na herufi yenye nyufa inahitaji kuwa kubwa zaidi ya hiyo safi. Kwa hiyo andikeni ASALI, mshale, basi. Simu, sala, orodha ya viongozi na mwaka wa kuandikishwa haviwezi kusomwa na mtu aliye kwenye matatu.

Tunarudi kwenye chupa. Tukiulizwa kifupi, msimamo wetu ni huu. Ile herufi ya kishamba ichaguliwe moja tu, na iandike neno moja tu au mawili, lile jina. Mengine yote, yaani kitu ni nini, uzito halisi, nani ametengeneza na anwani yake, tarehe, yaandikwe kwa herufi ya kawaida kabisa, ile ya kitabu cha shule. Hayo si mapambo, ni masharti. Shirika la Viwango la Kenya, lile la KEBS lililoanzishwa mwaka wa 1974, lina kiwango chake cha asali na kingine cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, na afisa akishika chupa yenu hatapenda kubahatisha kama ile ni 3 au 8. Tumeona lebo ambayo hata gramu zilikuwa na nyufa.

Kingine, jaribuni herufi hiyo kwa maneno yenu, si kwa mfano wa mwenye duka la kompyuta. Herufi nyingi za mapambo zilitengenezwa kwa Kiingereza na watu wasiowaza kingine. Nyingine hazina hata ile alama ya juu ya ng'. Mkiandika Ng'ombeni inatoka na kisanduku katikati, au nafasi tupu. Nyingine hazina namba. Andikeni jina lote, namba zote, ng' yote, ndipo muamue.

Rangi nayo, kwa haraka: kahawia juu ya karatasi ya rangi ya gunia ni nzuri machoni pa mchoraji na haisomeki dukani, hasa maduka yetu yenye taa moja. Nyeusi juu ya nyeupe au juu ya njano haijamtupa mtu. Tazameni vibanda vya M-Pesa tangu ilipoanza mwaka wa 2007. Kijani, nyeupe, herufi tupu. Mtoto asiyejua kusoma anaagizwa na anafika. Si urembo uliofanya hivyo, ni kurudia kitu kile kile kila mahali bila kukibadilisha. Kikundi kinachobadilisha lebo kila anapochaguliwa mwenyekiti mpya kinamfukuza mnunuzi wake kwa mkono wake.

Kupima lebo ni kazi ya nusu saa. Chapeni tatu, kwa ukubwa halisi, kwa mashine ile ile mtakayotumia. Bandikeni kwenye chupa zilizojaa. Ziwekeni rafuni dukani pamoja na chupa za wengine, jioni, mrudi hatua tatu. Mwiteni mtu asiye wa kikundi. Mwiteni bibi aliyeacha miwani nyumbani, mwiteni mtoto wa gredi ya nne. Msimwulize “ni nzuri?” maana kwa adabu zetu atasema nzuri. Mwulizeni “pale pameandikwa nini?” mkanyamaza. Kikundi kimoja kilikaa kikao miezi miwili kikigombana, vijana wakitaka ya magogo, akina mama wakitaka ya brashi, hadi mweka hazina akatishia kurudisha kitabu. Walipofanya jaribio hilo, watu watano kati ya sita walisoma ya brashi mara moja, na ya magogo alisoma mmoja, naye ni mtoto wa katibu aliyekuwa ameshaiona nyumbani. Ugomvi ukaisha bila kura.

Kuna mambo mawili ya haki ambayo hatuwezi kuyaruka.

Kwanza, herufi za kompyuta zina wenyewe. Nyingine zinapatikana bure lakini kwa matumizi ya mtu binafsi tu, si ya biashara, na karatasi ya masharti inasema hivyo. Kijana wa kompyuta haisomi, lakini jina kwenye chupa ni lenu, si lake. Ziko nyingi zilizo huru kweli, hata kwa biashara. Shirika la SIL, ambalo wengi mnalijua kwa kazi ya lugha na tafsiri za Biblia, lilitoa mwaka wa 2005 leseni ya herufi huria, na tangu hapo maelfu ya herufi zimetolewa chini yake. Zile za Google Fonts karibu zote ziko hivyo. Humo mna za kishamba pia: Rye ni ya mabango ya zamani ya mbao, Permanent Marker ni kama kalamu nene. Mwambieni atafute humo, na aandike jina la herufi kwenye karatasi yenu. Faili lenyewe mpewe, likae kwa katibu na kwa mtu wa pili. Vikundi vingi vimeanza upya kwa sababu kijana alihamia Mombasa na kompyuta yake.

Pili, cheti cha kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii kinawatambua nyinyi kama kikundi. Hakilindi jina lililo kwenye chupa. Hilo linaandikishwa kwa taasisi ya KIPI, kwa sheria ya alama za biashara, na ulinzi wake ni wa miaka kumi, kisha unarudiwa. Ada ipo, na kwa kikundi kidogo si pesa ya mzaha, kwa hiyo hatusemi mkimbie kesho. Lakini kabla ya kuchapa lebo elfu, ulizeni kama jina hilo halijachukuliwa. Na jina la mahali peke yake, au neno “asali” peke yake, msitegemee litakuwa lenu.

Kabla hatujamaliza, tumeona rasimu mbili zenye mchoro wa kigango kando ya herufi, eti kukamilisha sura ya asili. Tunaomba kwa heshima mtoe. Wazee wa Kigiriama waliopo hapa wanajua kigango kinasimamishwa kwa ajili ya nani. Vigango viliibwa, vikauzwa kwa wageni kama mapambo, na mwaka wa 2007 viwili vilirudishwa nyumbani kutoka Marekani, kimoja kutoka jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine la Chuo Kikuu cha Hampton. Watu walihangaika miaka ili virudi. Sisi wenyewe tusivibandike kwenye chupa za mafuta.

Haya, chai iko tayari. Baada ya chai tutagawanyika makundi manne, kila moja na meza yake. Wenye chupa na lebo walete hapa mbele, tutaziweka kwenye rafu ile ya dirishani na kuzima taa moja. Wenye vikapu waende kwa fundi wa brashi chini ya mwembe, amekuja na rangi nyeusi na sponji. Eksirei za kale tumepata kumi na mbili, wembe zipo, lakini mikasi haitoshi, kwa hiyo mwenye mkasi mkobani asiufiche. Na tafadhali, vikundi ambavyo bado havina jina visianze na herufi. Vikae na yule mama pale pembeni, vitafute jina kwanza, fupi, lisilozidi herufi nane.